Paka kameza uzi wa kushonea, nivute?

Mwenye Pamba: Wakuu, nisaidieni haraka. Nilikuwa nashona kifungo cha shati, mlango ukagongwa, nikaenda kufungua. Kurudi, uzi haupo, na Pamba (ana miezi 9) anajilamba kama vile hajafanya kitu. Nimemfunua mdomo: uzi umejizungusha chini ya ulimi, mwisho wake umeshuka kooni. Sindano imebaki kwenye mto, nimeihesabu mara mbili. Anacheza vizuri tu na chakula anadai. Nivute polepole?

Jirani: Mpe maji ya chumvi atapike. Au mafuta ya kula kijiko kimoja, utateleza wenyewe.

Fundi cherehani: Jirani, hapana! Chumvi ni sumu kwa paka, na mafuta ya kulazimisha yanaweza kuingia mapafuni.

Mwenye Pamba, usivute. Wangu alimeza uzi, nikamwona mzima, nikangoja siku 2. Siku ya 3 anatapika povu na kujificha nyuma ya cherehani. Akapasuliwa. Daktari alinieleza hivi: utumbo unasukuma uzi, lakini uzi umenasa ulimini, hauendi. Basi utumbo wenyewe ndio unaoupanda uzi, unajikunja marinda kama sketi. Ukivuta hapo, uzi unakata utumbo kama waya. Hata ukiuona umetokeza nyuma, usiuguse.

Na si tamaa yake. Ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea kooni, kikishanasa kitu kutema ni kazi.

Mpeleke sasa hivi akiwa bado anacheza. Usimlishe, huenda akapewa dawa ya usingizi. Beba kibiringo cha uzi ule ule waone unene wake.

Mwenye Pamba: Nimeshamfungia kwenye kikapu, natoka.

Mpita njia: Wangu alimeza betri ya saa, ile bapa. Hiyo usingoje hata dakika, inaunguza koo.

Mwenye Pamba: Tumerudi. Eksirei haikuonyesha uzi wowote, kwa hiyo bila kusema nilichokiona mdomoni wangeniambia mzima. Wamemlaza, wakakata kitanzi cha chini ya ulimi, uliobaki ulikuwa bado tumboni, wameutoa kwa mrija wenye kamera. Urefu wa mkono wangu mzima! Ameamka anayumba kama mlevi, na kitu cha kwanza karukia kamba ya koti la daktari.