MJADALA: Sikukuu hospitalini, tuanze na ng'ombe au na zamu?

Muuguzi wa wazazi, Arua
Ndugu zangu wa afya, hamjambo. Hospitali ninayofanyia kazi imeunda kamati ya sherehe. Inataka kila mtu akatwe shilingi 20,000 kwenye mshahara wa Novemba, Desemba tuchinje ng'ombe, Wakristo na Waislamu tule pamoja, na siku hiyo iitwe ya shukrani na umoja. Nimekataa kutia saini. Sasa naitwa mbaguzi, na imeniuma, ndiyo maana naleta jambo hili mbele yenu.

Sina ugomvi na ng'ombe. Ugomvi wangu ni ratiba ya zamu inayobandikwa ukutani kila mwisho wa mwezi. Krismasi ina tarehe, hata mtoto anaijua. Idd inangoja mwezi uandame. Mwaka jana nilipewa mapumziko siku moja tu. Mwezi haukuonekana, siku yangu ikaishia kwenye saumu, na Idd ikanikuta wodini. Asubuhi ile nilifunga vifungo vya yunifomu huku takbira zikisikika kutoka msikitini, na wanangu wamesimama mlangoni na kanzu mpya. Pilau ya Desemba itanirudishia nini?

Umoja ninaoujua niliuona jioni moja ya Ramadhani. Magharibi imeingia, mama yuko kitandani anasukuma, kichwa cha mtoto kimeshaonekana. Mwenzangu, mlokole asiyekosa maombi, tayari kavaa glavu. Akaniambia, "Sista, nenda kafuturu, huyu niachie mimi." Kumbe tende zangu alishazifunika kwa sahani kwenye meza ya chai, na maji pembeni. Hakuna kamati iliyomtuma.

Mtu wa maabara, Jinja
Sista, kwa zamu nakuunga mkono. Kwa sherehe, hapana. Kwetu hiyo ndiyo siku pekee daktari bingwa anakaa benchi moja na mama anayepiga deki. Wewe nyama unaweza kununua Jumapili yoyote. Yule mama anaingojea siku hiyo tangu Januari. Mchango uwe wa hiari, na achinje Mwislamu ili wote tule.

Inchaji (msimamizi) wa wodi, Kampala
Mnazungumza dini, mimi natazama idadi. Usiku nina wauguzi wawili kwa wodi nzima, na uchungu wa kuzaa haujui sikukuu. Lakini Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 iko wazi: ukifanya kazi siku ya mapumziko ya kitaifa na hukulipwa maradufu, unastahili siku nyingine ya kupumzika kwa mshahara kamili. Krismasi imo, Idd zote mbili zimo. Daini siku zenu. Wengi hawadai, wananung'unika tu.

Msabato, Kasese
Na mimi je? Idd ni mbili kwa mwaka. Sabato yangu inakuja kila wiki, na haimo katika orodha hiyo. Miaka sita nabadilishana: wao wananishikia Jumamosi, mimi nawashikia Jumapili. Ni makubaliano ya mdomo tu. Siku akija inchaji asiyetujua, sijui nitamwambia nini.

Mstaafu, Gulu
Mkitaja shukrani, kwetu Desemba ina tarehe 5. Siku hiyo mwaka 2000 Ebola ilimchukua Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, baada ya kuwachukua wauguzi aliofanya nao kazi. Mzaliwa wa Kitgum, amezikwa palepale hospitalini kando ya Dkt. Lucille Teasdale, mama aliyetoka Kanada. Kabla ya kugawa nyama, simameni msome majina.

Muuguzi wa wazazi, Arua
Mzee wangu, shikamoo. Hilo la majina nitalipeleka kama ulivyolisema.

Ndugu wa Jinja, umenigusa. Yule mama wa usafi sikumfikiria. 20,000 nitatoa kwa mkono wangu, ila saini ya kukatwa bado sitii.

Msabato, neno lako ni zito kuliko langu. Nitaiomba kamati hivi: Idd ikikaribia, Waislamu waachiwe siku mbili wazi, na Krismasi sisi tushike wodi. Kubadilishana Jumamosi kuandikwe kwenye daftari la zamu. Kama kuna hospitali inayofanya hivyo tayari, nielezeni inavyokwenda. Kikao ni Ijumaa.