Mdahalo wa sayansi na dini Iringa mjini: tuupangeje?

MtuWaKihesa
Heshima kwenu wakuu. Klabu yetu inaandaa mdahalo wa wazi wa saa mbili hapa Iringa. Mada: "Sayansi na dini zinapingana." Mezani kuna mwalimu wa biolojia, mchungaji na shehe. Tufanyeje usigeuke mihadhara ya kukashifiana?

Gangilonga
Mada pana mno, mkuu, kila mtu ataongea lake. Shukeni kwenye kitu kinachoshikika: "Zana za mawe za Isimila zinapinga mafundisho ya uumbaji." Isimila, eneo la kale zilikopatikana zana hizo, ni kilomita 20 hivi tu, barabara ya Mbeya.

Kila msemaji dakika 8 za kufungua na 4 za kujibu, jumla 36. Maswali yaandikwe kwenye karatasi, kwa sababu ukimpa mtu maiki anaanza kuhubiri. Mtunza saa asiwe mwenyekiti. Na msipige kura ya mshindi, mtaleta Simba na Yanga.

MaweYaKale
Mwalimu asithubutu kusema umri wa zana hizo "walipima kwa kaboni". Kaboni 14 hupungua nusu kila miaka 5,730. Ikipita miaka 50,000 hivi, kilichobaki ni kidogo mno kupimika. Isimila walipima urani kwenye mfupa, na jibu lililochapishwa 1972 ni takriban miaka 260,000. Mpinzani akimnasa hapo, ukumbi hautasikiliza tena hoja zake nyingine, hata zilizo sahihi.

Mchungaji naye asifanywe msemaji wa Wakristo wote. Mwaka 1950 Papa Pius XII aliruhusu wataalamu wajadili chimbuko la mwili wa binadamu, akashikilia kuwa roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Sasa shoka la mawe linaonyesha mkono uliolichonga. Kuhusu roho halisemi kitu. Ugomvi mwingi huanzia pale mtu anapolilazimisha liseme.

Msiokote mawe kule kuja kuonyesha, yanalindwa kisheria. Picha kubwa yenye rula pembeni inatosha.

Mlandege
Kama ni uwanjani, barua ifike kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) angalau saa 48 kabla, itaje mahali, saa na lengo. Mwenyekiti afungue kwa kukumbusha kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu: kuumiza hisia za dini za mtu kwa makusudi ni kosa.

Siku: epukeni Ijumaa, Jumamosi (Wasabato) na Jumapili. Saa 7:30 hadi 9:30 mchana inakaa vizuri kati ya Adhuhuri na Alasiri.

MtuWaKihesa
Shukrani. Maiki moja ya kupokezana inatosha?

Mlandege
Hapana, watanyang'anyana. Kila msemaji yake, ya mwenyekiti ya nne, na fundi mitambo azime ya muda uliokwisha. Oxford mwaka 1860, mwanasayansi Huxley alipobishana na Askofu Wilberforce kuhusu nadharia ya Darwin ya mageuzi ya viumbe, rafiki yao Hooker alimwandikia Darwin kwamba sauti ya Huxley haikuenea ukumbini. Tena hakuna aliyenukuu neno kwa neno, hadi leo wanabishana nani alisema nini. Kwa hiyo rekodini mwanzo mwisho, na jenereta iwe na mafuta.