Korongo likijaa: polisi afunge njia, au dereva aamue mwenyewe?

Wadau, tarehe 12 Aprili 2024, Arusha, basi dogo la shule lilisombwa na maji korongoni na watoto wakafa. Tukawageukia Zimamoto: wamechelewa, hawana vifaa. Mimi nasema tuliyepaswa kumuuliza ni trafiki. Makorongo yanayojaa kila mtaa unayajua, na TMA, wale wa hali ya hewa, walishatangaza mvua. Askari mmoja na kamba, saa kumi na mbili asubuhi, angetosha. Pale Jangwani, Dar es Salaam, maji yakipanda polisi wanafunga Barabara ya Morogoro, tena bila kubembelezana na mtu. Kwa nini iwe Jangwani tu? Mtu anayeweza kunipiga faini kwa taa mbovu anashindwaje kunizuia nisiende kufa? TMA wakitoa tahadhari, vivuko vyote hatari vifungwe.

Dereva wa Hiace
Wewe una mshahara, kaka. TMA wanatangaza kwa mikoa, hawatangazi korongo la kwenu. Kuna angalizo, kuna tahadhari, kuna tahadhari kubwa. Ukifunga kwa kila tangazo, masika nzima tunalala njaa, na jua linawaka. Halafu Jangwani ikifungwa watu wanakimbilia njia ya Kigogo, nako maji yamejaa. Umeokoa nini?

Mstaafu
Niliwahi kuvaa sare ya uokoaji. Msitudharau sana: si kila maafa yana kivuko cha kufunga. Katesh, Desemba 2023, matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang alfajiri yakawakuta watu majumbani. Hapo kamba ya trafiki haifanyi kitu. Unataka mitambo, na jeshi liliingia. Kwa vivuko, dawa ni rahisi: TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wasimike nguzo kila drifti, yaani kila mahali maji yanapopita juu ya barabara, wapake rangi nyekundu kuanzia usawa wa goti. Maji yakigusa nyekundu, hapiti mtu, TMA wametangaza au hawajatangaza. Gari linaanza kuelea mapema kuliko madereva wanavyodhani.

Mwanzisha mada
Mzee, nguzo naichukua, shikamoo. Na hoja ya mikoa nimeielewa, nafuta ile ya kufunga kwa kila tahadhari. Ila abiria wakishaanza "twende bwana, mbona lile limepita!", Hiace haisikilizi nguzo. Askari bado namtaka pale.

Dereva wa Hiace
Awepo, ila asimame na mvua. Tusimkute kibandani anakunywa chai.