Naomba ushauri: valvu ya hewa ya sufuria la mvuke inatema maji

Wakuu, jiko la shule ya bweni hapa Dodoma, sufuria la mvuke la lita 200 (lina kuta mbili, mvuke hupita katikati), boila iko presha ya baa 1.5. Upande mvuke unapoingilia, maharage yanatokota; upande wa pili yametulia kimya. Hewa imenasa kati ya kuta. Valvu ya kutoa hewa, ya nusu inchi, haifungi mvuke ukifika, inatema maji tu. Stimu trapu (ile ya kutoa maji ya mvuke uliopoa bila kupoteza mvuke) nimeipima, nzima. Valvu nimeiloweka kwenye siki, ukoko mweupe umetoka (maji ya visima huku yana chokaa balaa), bado inavuja.

Je, kapsuli ya ndani (kikopo kinachovimba kwa joto na kufunga valvu) imekufa, au boila imejazwa mno inarusha maji kwenye bomba? Nikinunua mpya, nichukue ya kufunga kwa joto au ya boya (linaloelea na kufunga maji yakipanda)? Boya naliogopa, chokaa italikwamisha.