Wakuu, nani anaweza kusoma mihuri ya fedha ya Ireland?

Mbeba Box Dublin: Wakuu, heshima kwenu. Nina upawa wa fedha wa kale. Nyuma ya mpini kuna kinubi chenye taji, mwanamke ameketi, kichwa cha mtu, herufi ndogo, halafu MS. Nimeambiwa ni wa mwaka 1750. Wiki ya tatu natafuta sonara MS, simpati. Msaada, nina haraka.

Mzee Kobe: Umeupata wapi?

Mama Tunu: Mimi nilirithi kijaluba cha fedha cha bibi yangu, Unguja. Wifi akakiazima siku ya harusi, hadi leo namwona nacho. Ndugu hao!

Mbeba Box Dublin: Jamani, nimeuliza mihuri.

Mjukuu wa Sonara: Kinubi chenye taji ni ubora wa Dublin, fedha sehemu 925 kwa 1000. Mwanamke ni Hibernia, nembo ya Ireland, alianza kugongwa miaka ya 1730 kuonyesha kodi imelipwa. Kichwa ni cha mfalme au malkia, kilianza 1807, kikakoma 1890. Sasa upawa wa 1750 umekipata wapi?

Kipara Ngoto: Chai hii, tena ya tangawizi.

Mbeba Box Dublin: Si chai! Hiyo 1750 aliniambia bibi.

Mzee Kobe: Bibi yupi?

Mbeba Box Dublin: Ninayemtunza, ana miaka 91. Alinipa kwa mkono wake. Wanawe hawajui, lakini mali si yake? Na kuna mtu kashanipa yuro 100 za malipo ya awali, nimeshatuma ada nyumbani.

Mzee Kobe: Huyo bibi jina lako analikumbuka?

Mbeba Box Dublin: Kuna siku ananiita Maureen. Siku ile alikuwa vizuri.

Kipara Ngoto: Basi zawadi ni ya Maureen, mkuu.

Mzee Kobe: Waambie wanawe leo, kabla hawajahesabu vijiko.

Mbeba Box Dublin: Nikiwaambia nitaonekana mwizi.

Mjukuu wa Sonara: Hayo ni yenu. Mimi naomba ugeuze upawa. Sonara hugonga herufi zake karakanani, kazi ndiyo ipelekwe kupimwa na kugongwa mihuri mingine. Zake huweza kukaa kichwa chini. Zinasomekaje?

Mbeba Box Dublin: SW.

Mbeba Box Dublin: Wiki tatu, wakuu.