Naomba ushauri: fomu ya ruzuku ya kilimo, niko Ireland

Hamjambo ndugu zangu. Naombeni msaada kwa mlio kwenye kilimo huku Ulaya. Baba mkwe ametuachia hekta 14 za malisho na ng'ombe wachache, na fomu tunaijaza mara ya kwanza. Tangu 2023 kila nchi ya Umoja wa Ulaya ina mpango wake wa kutekeleza sera ya pamoja ya kilimo, na sehemu ya malipo imefungwa kwenye kazi za mazingira. Hapa unachagua mbili. Kupanda miti ya asili, 3 kwa hekta, ni miche 42; hiyo naiweza. Ya pili ni kuachia viumbe wa porini asilimia 7 ya shamba. Nimezunguka na futi kamba nikipima mtaro, kidimbwi na ua wa miiba (kama michongoma ya kwetu, ila mzee aliukata mpaka usawa wa magoti). Mshauri tuliyemlipa hapokei simu.

Je, ua uliokatwa hivyo unahesabiwa? Na mume wangu ana miaka 39: nyongeza ya wakulima vijana aiombe sasa, au amalize kwanza cheti cha kilimo?