Nimeahidiwa kitatange mdogo, tanki langu ni lita 200, nimchukue ama niache?

Kijana_Shella: Salaam aleikum wadau. Niko Malindi, nina tanki la maji chumvi la lita 200, ndani kuna vijisamaki vidogo vidogo na mawe na linaenda vizuri tu. Sasa kuna mvuvi mwenye leseni ya kuvua samaki wa mapambo ameniambia atanipa kitatange mtoto, hata urefu wa kidole hafiki, buluu iliyoiva karibu na weusi halafu mistari myeupe imepinda pinda, wallahi nimempenda sana. Naomba kujua tanki langu litamtosha? anakula nini? na maji nikiteka moja kwa moja baharini kuna shida? Baadaye nataka kuweka na matumbawe. Stima huku mnajua inavyokatika.

Baharia_Watamu: Waaleikum salaam. Kwanza hebu mwangalie vizuri huko karibu na mkia, ile mistari myeupe inafunga duara kamili ama ni nusu duara? Duara kamili huyo ni Pomacanthus imperator, nusu duara ni semicirculatus. Wote wanafika karibu sentimita 40 wakikomaa, na hiyo rangi unayoipenda haibaki. Imperator anageuka mistari ya manjano na buluu na kitambaa cheusi machoni, huyo mwingine anakuwa wa kijani kahawia mwenye vidoti vya buluu. Wote wazuri lakini usije ukadhani umebadilishiwa samaki.

Kijana_Shella: Ni nusu duara kaka. 40 cm?? sikujua kabisa

Mtu_wa_Casuarina: Mchukue bana, mtoto wa hivyo atakaa kwa lita 200 miezi kadhaa bila shida, akianza kubanwa unamrudisha baharini, si bahari iko hapo mbele tu.

Baharia_Watamu: Hapana kaka, hapo naomba nikupinge kabisa. Samaki aliyekaa tanki moja na wenzake wa kununua anaweza kubeba ugonjwa na vimelea, ukimwachia kwenye mwamba unawapelekea wale wa huko. Na ni samaki amezoea kulishwa kwa mkono, umtupe tu hapo ukaseme umemrudisha kwao? Swali la kwanza ni akifika ukubwa wa sahani ataishi wapi. Kitatange mkubwa anataka kama lita 800, tanki lenye urefu wa sentimita 180 hivi maana anaogelea siku nzima huyu, na awe peke yake, ukiweka vitatange wakubwa wawili watapigana hadi mmoja afe. Matumbawe sahau, atayadonoa.

Bi_Langoni: Mwanangu mie niko Lamu na nalea hawa samaki muda sasa. Maji ya bahari ni mazuri lakini si kila siku. Huko kwenu mvua zikinyesha bara mto Sabaki unashusha udongo, bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa, na miezi ya kaskazi lile tope linasukumwa kuja upande wa mji, basi maji hayo usiyaguse. Teka maji yamejaa, yakiwa safi, mbali na mitaro na maboti, uyachuje uyaweke kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko na pampu ya hewa kabla ya kuyatumia. Yakipungua tankini kwa joto usijazie ya bahari, chumvi haipandi hewani inabaki mle mle, jazia maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na yasiwe na klorini. Ya kisima mengi huku yana chumvi tayari. Na ya mvua yaliyopita kwenye mabati usitie, yanabeba zinki.

Chakula, porini anakula sana sifongo na mwani. Nyumbani mkatie kamba, ngisi na kome vipande vidogo, ongeza mwani na mchicha uliochovywa maji moto, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Ukipata chakula cha barafu chenye sifongo ndani nunua. Kamba peke yake kila siku atadhoofika.

Kijana_Shella: Shukran sana mamangu. Na stima?

Bi_Langoni: Pampu ya hewa ya betri, hiyo ni lazima mwanangu. Joto nalo lichunge, digrii 25 mpaka 27, feni ikipuliza juu ya maji inasaidia sana.

Fundi_Glasi: Uko chini ama ghorofani? Lita 800 za maji chumvi peke yake ni zaidi ya kilo 800, weka glasi, mawe na stendi unapita tani.

Kijana_Shella: Ghorofani, nyumba ya kupanga 😞

Fundi_Glasi: Basi usijaribu bila kuongea na mwenye nyumba na mtu anayejua ujenzi.

Baharia_Watamu: Na hata ukipata tanki, lisubiri wiki kadhaa bakteria wajijenge mpaka amonia na naitraiti, zile sumu za uchafu wa samaki, zisome sifuri. Samaki akija akae kwanza tanki la pembeni, akitoka vidoadoa vyeupe unamtibu huko huko na dawa ya shaba kwa kipimo, usiitie kwenye tanki kubwa maana inaua konokono na kaa wote. Na usikubali samaki wala jiwe lililotoka ndani ya hifadhi ya bahari, Malindi imelindwa tangu 1968 na KWS, shirika la wanyamapori, hawana mchezo.

Kijana_Shella: Nimempigia mvuvi, nimemwambia amwache. Mwisho wa mwaka huenda nikahamia kwetu chini, nikipata nafasi ya hilo tanki nitamtafuta tena. Sasa kwa hizi lita 200 kuna kitatange wa aina ndogo anayekaa?

Bi_Langoni: Wapo wa Centropyge, wengi hawafiki sentimita 15. Mmoja tu, na mawe mengi ya kudonoa mwani.